Papa Wenceslas Amekataa Kupiga Magoti Kuzimu

Mangobo, Kisangani
Tarehe 11 Juni 2025

Mupendwa Yaya Constant,

Nakusalimia sana kutoka huku kwenye mvua. Afya iko namna gani? Na ile baridi ya Lubumbashi, imekuvalisha makoti mawili ao matatu? Sisi tuko wazima. Mama yako, Mama Philomène, anauza kwanga zake za muhogo vizuri. Benie ameota meno mawili na anatuuma wote. Mimi nimeongeza urefu. Siku ukirudi, wewe njo utaniita yaya, kama mimi njo kaka mukubwa.

Ninaandika kwa karatasi sababu simu yenye unité za kupiga hapa nyumbani ni moja tu, ya papa yako, na mutu akipiga, yeye anasimama karibu kusikia. Na maneno yenyewe yanamuhusu yeye. Karima anapanda ndege ya Lubumbashi siku ya tano, njo nimemupa barua.

Bon. Kwa salle ya michezo ya video ya Papy, hapa karibu na soko, kuko mchezo mupya. Umetolewa katika kitabu cha zamani sana: mutu anashuka kuzimu kutafuta muke wake aliyekufa. Étage tisa chini ya udongo, kila moja na giza yake na nyama zake za kuuma. Kitabu chenyewe maître alitusomea kwa masomo, mimi nililala. Nani alijua kama siku moja kitafaa? Hata vile, mimi niliyeacha masomo katikati, nilishuka mpaka ya nane, na wale wa université wanakufa étage ya tatu na miwani yao.

Papy amesema: wa kwanza kumaliza étage ya tisa, jina la shujaa wake litaandikwa kwa rangi ukutani. Mwisho ni siku ya Mungu, tarehe 29. Tumebaki wawili, mimi na Jeancy, yule mwenye kichwa kama papai.

Kila muchezaji anamupa shujaa wake jina. Jeancy aliandika lake mwenyewe, masikini. Mimi niliandika WENCESLAS, sababu papa yako aliongoza baleinière, ile mashua kubwa ya mutoni, miaka makumi mbili mpaka Isangi, na hakuzamisha hata mbuzi. Jina la namna ile linashuka kuzimu na kurudi. Kosa langu, sikuenda kumuambia. Wewe unajua: ukimupa mutoto jina la mutu, unaenda kwake na kuku, unaketi, anakubali, anakuwa ndoyi wake. Mimi sikupeleka hata yai.

Alors, siku moja mutoto wa jirani akamupigia kelele njiani: «Papa Wenceslas, leo umekufa mara tatu!» Papa yako akakuja salle na fimbo. Watu wakafungua njia. Akaangalia écran.

«Ni mimi huyu?»

«Ndiyo, papa mukubwa.»

«Nani aliniua?»

«Mbwa.»

«Mbwa! Mimi?» Akavuta kiti. «Sogea.»

Tangu siku ile, Yaya, sina amani. Anakuja kila siku. Nikikimbia: «Wenceslas hakimbii!» Nikitaka kupita kwenye tundu kwa tumbo, hapana. Nikiokota mukate chini, hapana, na ule mukate njo dawa! Maneno yakitokea kwa écran anasoma yote, polepole, kwa sauti, mpaka courant ya umeme inakatika na tunaanza étage upya. Jeancy anacheka mpaka anaketi chini.

Na sasa tuko mbele ya mulango wa tisa. Malkia wa wafu amekaa pale. Unapiga magoti na kumuomba akurudishie muke wako, ao unapigana naye. Kupigana, hakuna aliyeshinda. Nimekufa mara kumi na moja. Kupiga magoti ni kufinya bouton moja tu. Papa yako anasema: «Jina langu halitapiga magoti mbele ya maiti.» Nikamuambia, papa mukubwa, ni mchezo. «Kama ni mchezo, unalia nini?» Sikuwa ninalia. Ilikuwa moshi wa groupe ya Papy, ile mashine ya courant.

Utasema nianze upya na jina lingine. Miezi miwili ya kazi! Utasema nipige magoti kwa kujificha. Nilijaribu. Juzi alitoka nje kidogo, nikabaki na kidole juu ya bouton. Nikaona lile jina juu ya kichwa cha shujaa, nguo yake imepasuka, na yeye amesimama tu. Kidole kikakataa. Nilikasirika, nikapiga meza, Papy akanifukuza siku nzima.

Donc wewe, mutoto wake wa kwanza, njo utamuomba aniache nipige magoti. Umuambie mutu anayemuombea muke wake hajishushi. Ule mwaka Mama Philomène alipolazwa hospitali, yeye mwenyewe alipiga magoti kwa simenti, mbele ya daktari kijana, watu wote wanaona. Mimi nilikuwa pale, nimeshika sahani ya chakula. Sina kinywa cha kumukumbusha neno lile. Wewe unacho.

Umusalimie muke wako Émilie, na Grâce, na tonton Désiré kama bado anadanganya kwa karata. Mungu akutie nguvu kwa kazi na akurudishe kwetu na miguu yako miwili.

Mimi mudogo wako, anayekupenda hata akikusumbua,

Bonheur