Sahani ya Mama wa Wamaza

Kasongo, siku ya Idi, jioni

Hasira haijanitoka bado. Nimepikia wageni tangu alfajiri, lakini si kazi iliyonichosha. Ni mudomo wa shemeji Saidi.

Mchana niliona mama mumoja mugeni amekaa kwenye baraza letu, mutoto mugongoni. Alitoka Wamaza kwa miguu, bwana yake amelazwa lopitali. Nikamupelekea sahani ya wali na nyama ya mbuzi. Shemeji akasema mbele ya wageni wote: "Chakula cha Idi si cha watu wa njia!"

Na mimi nikanyamaza. Hilo ndilo linaniuma.

Yule mama akanirudishia sahani bila kuigusa. "Dada, usigombezwe juu yangu," akasema, akaenda zake.

Nikafunika sahani, nikapita katikati ya wageni, nikamufuata mpaka lopitali. Shemeji aliniona. Bwana yangu akirudi kutoka Nyangwe atajazwa maneno, na mimi...

Tuliketi kando ya ukuta. Kabla hajatia mukono kwenye wali, akaniuliza: "Na wewe, umekula?"

Sikuwa nimekula. Nyumba yetu ilijaa watu, na hakuna hata mumoja aliyeniuliza.