Hajati Alisalimia Tu

Mjukuu wangu Zuhura,

Salaam tele kutoka Busia. Goti la nyanya yako limepona, sasa anatukimbiza sote humu ndani. Umeniuliza mashindano ya magari ya mafumbo yanaandaliwaje. Ngoja nikusimulie ya kwanza ya klabu yetu, kutoka hapa hadi Tororo.

Mafumbo nilitunga mimi. Moja lilisema: "Zamani nilikimbia barabarani. Leo nimetundikwa, na nikipigwa, watoto ndio hukimbia." Ukilifumbua, unakwenda hapo kuchukua fumbo linalofuata. Sheria ilikuwa moja: marufuku kuuliza watu njiani. Zawadi ni mbuzi.

Madereva wetu hodari walizunguka eneo zima la Sikuda, vioo juu, vumbi tupu. Aliyetangulia kufika Tororo ni Hajati Mariamu, muuza vitenge, na pikapu yake inayokohoa. Wenzake wakaja juu: ameuliza huyo!

"Sijauliza mtu," akasema. "Nimesimama kumsalimia mama anayeanika muhogo. Yeye ndiye ameniuliza natafuta nini. Mtu mzima akuulize, unyamaze?"

Yule mama alikuwa amecheka sana, akamwonyesha ringi ya lori iliyotundikwa pale shuleni. Ndiyo kengele yao.

Mbuzi nikampa Hajati.

Wewe tunga mafumbo magumu utakavyo, ila sheria ile usiiweke. Sisi tuliifuta, na katika mashindano yaliyofuata magari yote yalichelewa kufika Tororo, yamejaa ndizi na muhogo wa kupewa njiani. Tulikula mpaka tukasahau kumtangaza mshindi.

Babu yako anayekupenda,
Ismaili