Kikokotoo Changu Kinampa Dada Kodi Ileile

Mshauri mpendwa, nisaidie mwenzio nazama, na mimi si mtu wa kuzama ovyo, nimeendesha malori nchi za watu, nimelala mipakani, naongea lugha nne na zote nazikosea, lakini safari hii kompyuta imenibana kona. Dada yangu mkubwa, aliyenilea mama alipotutoka, ana karakana ya kushona sare za shule, na mwaka jana alilalamika kwamba hesabu ya kodi inamchanganya, basi mimi kwa mdomo wangu huu nikamwambia, "Dada, hiyo kazi ndogo, nitakutengenezea kikokotoo." Shule niliiachia njiani, ila slaidi nazijua, niliwahi kutengeneza matangazo ya ukumbi wa sherehe, kwa hiyo nikakiunda kwenye PowerPoint: slaidi ya kwanza unaandika mauzo na matumizi, unabonyeza kitufe chekundu, slaidi ya pili inaingia ikizunguka na kodi yako, na makofi yanapigwa. Dada alicheka mpaka akakaa chini, akaniita Profesa mbele ya mafundi wake.

Asichokijua ni kwamba slaidi haijui kujumlisha wala kutoa. Kila mwezi mimi ndiye nilikuwa napiga hesabu kwenye simu, naandika jibu slaidi ya pili, ndipo namwita abonyeze. Halafu nikapata safari ndefu, nikaondoka bila kusema neno, yeye akawa anaandika namba zake mwenyewe na kubonyeza, na jibu likawa lilelile la mwezi wa kufungua shule, mwezi mnono kuliko yote. Biashara ikashuka, kodi ikabaki juu palepale, na makofi juu yake. Nimerudi juzi nikakuta cherehani ya kudarizi haipo, ameiuza alipe kodi, na zilizobaki kazifunika shuka.

"Mdogo wangu, nimeshindwa," akaniambia. "Hata kikokotoo chako kinaniona mvivu. Jumamosi mnunuzi anakuja kuzichukua hizi."

Mimi mwenye maneno kama redio nikaishia kumsifia chai. Sasa naomba uniambie, nikihamishie wapi, Word au Excel, kirekebike kimyakimya asijue? Na mafundi bado wananiamkia, "Shikamoo Profesa!"

Dereva aliyekwama

*

Dereva, pole, na ukome! Nilicheka nilipofika kwenye makofi, nikaacha kucheka nilipofika kwenye cherehani.

Word andikia barua. Hesabu ipeleke Excel: kisanduku kimoja mauzo, kingine matumizi, kingine kiwango cha kodi ulichopewa na ofisi ya kodi yenyewe, usikibuni, na cha nne fomula inayoanza na alama ya sawasawa. Ukimaliza, badilisha mauzo. Jibu likigoma kubadilika, umemtengenezea dada yako picha nyingine. Mpe mhasibu akikague kabla hakijaingia karakanani.

Hiyo ni kazi ya wiki ijayo. Ya leo ni nyingine. Ukirekebisha kimyakimya, dada yako atauza cherehani zake akiamini kashindwa yeye, na ataamini hivyo mpaka uzeeni, kwa sababu ya slaidi yako. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chako kina siku, ni Jumamosi. Nenda umwambie kwa mdomo uleule uliojisifia. Mwambie amzuie mnunuzi. Kisha beba risiti zote, muongozane mpaka ofisi ya kodi, muulize kilicholipwa kupita kiasi kinashughulikiwaje. Siwezi kukuahidi kwamba kitarudi. Ile cherehani ya kudarizi huenda imekwenda moja kwa moja, na hilo utaishi nalo.

Atakasirika. Huenda akakufukuza, na jina la Profesa likafa mbele ya mafundi wote. Liache life, ndugu yangu, ulipewa kwa kazi ya simu.

Mfungulie kikokotoo, aandike sifuri kila mahali, abonyeze, aone mwenyewe jibu likija lilelile. Ila zima yale makofi kwanza.