Samaki wa Bibi Wametoka Madoa Meupe

Mshauri wetu, shikamoo. Mimi ni msichana wa shule, na ninakuandikia kwa sababu nyumbani kila mtu ananiambia nitulie nami siwezi kutulia. Bibi yangu amepasuliwa mtoto wa jicho na sasa anauguzwa kwa shangazi, na samaki wake wa mapambo ameniachia mimi, wale anaokaa mbele ya tangi lao kila jioni tangu babu alipofariki, na amesema akirudi kitu cha kwanza anachotaka kukiona sawasawa ni yule mwekundu mwenye mkia mrefu anayemwita Bwana Harusi.

Basi Bwana Harusi ndiye aliyeanza. Alitoka vidoa vyeupe mwilini na mapezini, kama amenyunyiziwa chumvi, akawa anajisugua kwenye mawe. Mama akasema, "Mtoe huyo upesi. Samaki mmoja akioza, huoza wote." Nikamhamishia kwenye beseni, nikaamini nimewaokoa wengine, lakini nao wakatoka madoa mmoja baada ya mwingine. Muuza samaki akaniuzia dawa ya matone, akasema wengine hutumia chumvi, na kaka yangu aliposikia akauliza, "Ukishatia chumvi, nikuletee na ndimu?" Sikucheka. Nilitia dawa, madoa yakapotea, nikaacha nikidhani wamepona, na sasa yamerudi mengi kuliko mwanzo, na Bwana Harusi amelala chini ya beseni anahema harakaharaka, nami kila nikitoka shule naogopa kufungua mlango wa sebule.

Mama anataka tuwamwage wote, tununue wengine wanaofanana nao, tuwatie humo humo kabla bibi hajarudi. "Macho yenyewe yale," anasema, "atajuaje?" Na bibi akipiga simu huuliza, "Mjukuu wangu, Bwana Harusi hajambo?" nami najibu hajambo, halafu nakosa usingizi. Je, bado wanaweza kupona? Na bibi nimwambie nini?

Mjukuu mwenye hofu

*

Marahaba, mjukuu. Futa machozi, unisikilize.

Methali ya mama yako ni ya kweli, ila inamhusu samaki aliyekufa. Wako wanahema. Ugonjwa huo ni wa kawaida na una dawa. Mlipokosea ni kudhani ugonjwa uko kwa samaki mmoja, kumbe uko majini. Kila kidoa ni kijidudu aliyejificha chini ya ngozi. Akikomaa hudondoka, nawe unashangilia, kumbe amekwenda kuzaana chini ya tangi. Dawa haimpati akiwa ngozini. Huwapata watoto wake wanapoogelea kutafuta samaki. Kuacha dawa madoa yanapotoweka ni kumwachia mwizi ufunguo.

Kwa hiyo mrudishe Bwana Harusi, watibiwe pamoja. Toa mkaa ulio ndani ya chujio la maji ya tangi, maana hunyonya dawa. Fyonza uchafu wa chini, ongeza maji yaliyoondolewa klorini, kisha tia dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, si kwa huruma. Pasha maji joto polepole, na pampu ya hewa isizimwe, kwa kuwa maji ya uvuguvugu hushika hewa kidogo. Endelea mpaka siku za dawa ziishe, hata wakionekana wazima. Chumvi iache, usichanganye tiba mbili. Kaka yako naye abaki na ndimu yake.

Wengi wao wanaweza kupona. Bwana Harusi siwezi kukuahidi. Anayehema hivyo huenda matamvua yake ya kupumulia yameshashambuliwa.

Mama mwambie kwa adabu kwamba samaki wapya wakitiwa katika maji hayo hayo wataugua vile vile. Tena, mtu aliyeujua mkia ule kwa jicho bovu hatadanganyika kwa jicho zima.

Lakini wewe ninakugombeza kidogo. Samaki si wako, ni wa bibi, na kumficha habari zake mwenyewe si kumlinda. Mpigie leo, usingoje apige yeye. Sema, "Bibi, wanaumwa, nami nawauguza." Usiseme zaidi ya hapo, usiseme pungufu. Atashtuka, ndiyo. Kisha atakuuliza umewapa dawa gani, na kuanzia hapo hutaogopa peke yako.