Ngitili ya Kwenu Si Ardhi Tupu

Mwangaluka, Dada Minza.

Mimi mtu wa Lushoto salamu hii ya Kisukuma ulinifundisha mwenyewe, na siwezi kuanza kwa nyingine. Nina hasira, Dada. Nimeona bora nikuambie wewe kwanza, kabla sijamtukana mtu mzima.

Tangu tukuzike kwenu Lalago, ile tathmini ya serikali kuhusu mafuta ya mimea imetoka. Utafiti wetu umo. Jina lako limo, mbele kabisa. Wameandika kwamba sisi watafiti wa Bariadi tumethibitisha kuwa mafuta ya mbono hupunguza hewa chafu, na kwa hiyo mbono upandwe kwa wingi kwenye "ardhi isiyotumika" ya Lalago. Nikatafuta ardhi yenyewe ni ipi. Ni ngitili ya kwenu, malisho yenu ya akiba.

Kwanza nilicheka. Halafu nikalia, hapo hapo mezani, mwenzetu Hamisi akanisogezea chai.

Tulichoandika unakijua. Mbono unaoota kwenye ua na mipaka ya mashamba, mafuta yake yana nafuu. Lakini ukifyeka malisho yaliyotunzwa miaka yote, ukang'oa miti na kuugeuza udongo ule ili upande mbono, utatoa hewa chafu nyingi kuliko utakayookoa. Wamechukua nusu ya kwanza. Ya pili wameiacha njiani kama ndama mgonjwa.

Na hiyo "isiyotumika" unajua waliipata wapi? Walikuja masika. Ngitili imefungwa, nyasi zinafika kiunoni, hakuna ng'ombe, hakuna mtu. Wakapiga picha kutoka barabarani, wakaondoka. Hata kaka yako Masanja hawakumwuliza. Angewaambia kwamba malisho yale hufungwa wakati wa mvua ili mifugo iwe na cha kula kiangazi, na kwamba kutoonekana ng'ombe mle ndiyo matumizi yenyewe. Nikakukumbuka umesimama mpakani, bomba letu la kuchukulia udongo begani, hutaki kutia mguu mpaka Masanja aje aruhusu. Jua linatuchoma, mimi nanung'unika, wewe unanipa michembe ili ninyamaze. "Udaktari wangu unaishia hapa," ulisema. "Humo ndani mkubwa ni kaka." Tukasubiri, tukitafuna viazi vikavu kama panya wa ghalani.

Juzi walituita kikaoni hapa mjini. Walitaka tusaini kwamba tumeridhika na muhtasari wao. Mwenyekiti wao, mtu mpole tu, akasema, "Marehemu Dokta Minza mwenyewe hakuwahi kulalamika."

Dada! Umekufa kabla hawajaandika hata mstari mmoja. Ulalamike kutoka wapi?

Hamisi, unavyomjua asivyopenda ugomvi, akasimama. "Mheshimiwa, marehemu hasemi. Ila alichoandika tunacho, na sisi tulioandika naye bado tunapumua." Mimi nikaiweka kalamu mezani. Nikasema sisaini: ama waandike matokeo yote, ama waondoe utafiti wetu na jina lako.

Wamesema watatafakari. Bosi wetu akanivuta pembeni kwenye korido. "Mdogo wangu, mwenye nguvu mpishe. Watakuhamisha." Wanihamishe! Kama vumbi la hapa Somanda nimelizoea, la kwingine litanishinda nini? Pingamizi letu tumelipeleka, na wote tulioshiriki tumesaini. Tena tumewaalika waje kiangazi, siku Masanja atakapofungua, wasimame pale pale mpakani waone ng'ombe wa jirani na jirani wakiingia kwenye ardhi isiyotumika. Michembe nitawaletea mimi.

Hasira hizi zina faida moja, zinanizuia kulia. Zikitulia kidogo, naiona kofia yako ya pama kwenye msumari nyuma ya mlango, mpaka leo hakuna aliyethubutu kuitoa. Nakukumbuka, Dada. Nakukumbuka mno. Kuna siku napima udongo, nageuka kukuuliza, halafu najikuta nimegeukia ukuta.

Jumapili nilikwenda kaburini. Masanja amelizungushia mibono, kama ilivyo desturi, na imeshika vizuri, ina majani mapya. Tulisimama pale, yeye akaniuliza kama ni kweli wewe ndiye uliyesema ngitili ifyekwe. Ndugu yako wa tumbo moja, ananiuliza hivyo! Nikamsomea nusu ya pili yote, neno kwa neno, mbele yako. Akavua kofia, akasema, "Basi dada yangu ni yule yule."

Wabeja, Dada, kwa kila kitu. Pumzika, sasa zamu ya kusimama mpakani ni yangu. Na nakuahidi: mibono hiyo inayolizunguka kaburi lako ndiyo pekee itakayoota Lalago kwa jina lako.

Mdogo wako,
Neema