Saksafoni Iliyosimamisha Mikono

Mjukuu wangu Wekesa,

Nakusalimu kutoka Kitale. Nyanya yako hajambo, na mahindi yamekauka vizuri. Unauliza ununue saksafoni ya zamani au mpya kwa jazi yako. Mpya hutii vidole, na nota zake hazipotoki. Ya zamani ina sauti nene, lakini lazima uibembeleze.

Nilipokuwa kijana Bumula, mkuu wa bendi alinipa zote mbili nichague moja ya kupiga harusini. Nilizijaribia uani, akina mama wakipukuchua mahindi. Kwa ile mpya nilipanda na kushuka nota kwa maringo.

"Wewe unakimbizwa na nani, bana?" mmoja akanitania, na punje zikaendelea kudondoka.

Nikachukua ile kuukuu. Kwa kuwa ilikuwa ngumu, nilipuliza nota moja tu ya chini, polepole. Mikono yote ikasimama. Yule mama alinitazama kana kwamba ameitwa kwa jina lake.

Kwa hiyo usiniulize mimi. Zipige zote mbili mahali watu wanapofanya kazi, kisha utazame mikono yao.

Akupendaye,
Babu yako