Karatasi Chini ya Shuka

Isiolo, Jumanne, 1983

Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye unga. Jua bado halijatua. Nimekaa jikoni peke yangu. Baba Halima, mume wangu, amelala chumbani, au anajifanya amelala.

Leo nilikwenda Meru kumwona wakili. Nimerudi mikono mitupu.

Miezi mitano iliyopita lori la Baba Halima lilipinduka njia ya Merti, likambana mguu wa kushoto. Watu wake wakampeleka Sericho kwa mjomba wake anayeunga mifupa. Mguu uliunga, lakini kombo. Hawezi kukanyaga klachi tena, na hajui kazi nyingine ila udereva.

Wiki ile ya kwanza nilikuwa naye huko Sericho, homa imempanda. Akaniuliza, "Mama Halima, ile karatasi ya bima iko wapi?"

Nikamwambia imepotea.

Haikupotea. Ilikuwa hapa nyumbani, ndani ya sanduku la bati, chini ya shuka. Niliificha siku ileile aliyoileta, aliponieleza kwamba akifa tutalipwa. Kwetu mtu hataji kifo cha aliye hai, sembuse kukiwekea sahihi. Basi alipoiulizia, niliona anatuaga. Niliogopa sana. Nilidhani nikimnyima karatasi, nimemnyima ruhusa ya kufa. Leo niliibeba kwa siri; Baba Halima anajua tu kwamba nilikwenda kuuliza kama bima itatusaidia bila karatasi.

Wakili, mzee wa Kimeru mwenye miwani, aliisoma polepole, kisha akanifunulia ukurasa wa pili.

"Mama, hii si ya kufa peke yake. Mtu akilemaa, ashindwe na kazi, analipwa pia. Lakini mlitakiwa mwandikie kampuni ndani ya siku thelathini, na barua ya daktari. Mlikuwa wapi?"

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Kila siku nawagombeza watoto wasome mpaka mwisho wa ukurasa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Amesema imebaki njia moja, na hakuahidi lolote. Tuiombe kampuni ituhurumie, tueleze ukweli kwa nini tulichelewa. Akaiandika barua hapohapo: kwamba mgonjwa aliulizia karatasi mapema, mkewe akaificha. Inatakiwa ifike kwake Ijumaa, ikiwa na sahihi. Si yangu. Ya Baba Halima.

Majuto ni mjukuu, lakini huyu wangu amekuja na mizigo yake yote.

Nilipofika aliniuliza wakili amesema nini. Nikajibu, "Amesema tusubiri."

"Pole na safari," akasema. "Afadhali wewe hujachoka na mimi."

Sikuweza kumtazama. Nikapita moja kwa moja kubadilisha nguo, nikaweka na barua.

Sasa ninapoandika ndipo ninapokumbuka nilipoiweka. Ndani ya sanduku la bati, chini ya shuka.